Kuandika Maandishi Katika Faili: Namna ya Kutafuta Makosa na ya Kuyafundisha

Utangulizi

Kila asubuhi, kabla hajashika chaki, mwalimu wa shule ya msingi huita majina na kutia alama katika daftari la mahudhurio. Daftari hilo lina sifa moja ambayo hatuifikirii kwa sababu tumeizoea: kilichoandikwa humo kwa wino hukaa. Mwalimu akihamishwa, daftari hubaki, na mwenzake huendelea pale alipoishia.

Kompyuta haina desturi hiyo. Kila jambo ambalo programu inalishughulikia huwekwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, na programu ikimalizika au umeme ukikatika, yote hufutika. Ili neno lidumu, ni lazima programu iagizwe kuliandika katika faili. Agizo lenyewe ni fupi, mistari mitatu au minne tu, lakini huwasumbua sana wanaoanza kujifunza. Sababu ni kwamba makosa yake mengi ni ya kimya. Programu hukimbia hadi mwisho bila kulalamika, na mwanafunzi huamini kwamba kazi imekwisha. Akifungua faili, hulikuta tupu, au limepotea, au lina mambo ambayo hakuyakusudia.

Mwanachuo akimaliza kusoma makala haya na kufanya mazoezi yake, yampasa aweze:
(a) kutaja sababu sita za maandishi kutofika salama katika faili;
(b) kuitafuta sababu kwa utaratibu, bila kubahatisha;
(c) kuliandaa somo hili kwa watoto, hata katika shule isiyo na kompyuta wala umeme.

Mifano yote imeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo hupatikana bila malipo.

Kwa nini kosa hili si dogo

Sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria tunazo sababu za pekee za kuiheshimu kumbukumbu iliyoandikwa. Vipimo vya usawa wa maji ya ziwa hili vilianza kuandikwa mwaka 1896. Kwa kuwa viliandikwa na kutunzwa, leo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Waliovisoma vipimo hivyo siku kwa siku hawakujua kwamba wajukuu wao wangevihitaji.

Upande wa pili upo vilevile. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, hapakuwa na orodha ya abiria wa daraja la tatu. Hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna mbalimbali, ingawa yajulikana kuwa ilizidi 800. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Watu 228 walipoteza maisha, na 41 waliokolewa. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine iliyohifadhi kumbukumbu za tiketi ilipotea majini. Idadi ya waliokuwamo ikabidi ipatikane kwa kuhesabu waliookolewa na miili iliyoopolewa.

Kazi ya makala haya si kuhukumu. Linalotuhusu sisi walimu ni kwamba orodha iliyokuwa ndani ya chombo ilizama pamoja na chombo. Mtoto anayejifunza leo kuandika majina manne katika faili huenda kesho akaandika programu ya kukatia tiketi, ya kutunza kadi za kliniki au ya kupokea alama za mtihani. Tabia ya kujiuliza "je, yamefika?" hujengwa sasa, katika majina hayo manne.

Programu yetu ya mfano

Tuchukue programu hii, ambayo tutaitumia hadi mwisho:

majina = ["Ng'wandu", "Nyamizi", "Kulwa", "Doto"]
f = open("mahudhurio.txt", "w")
for jina in majina:
    f.write(jina)
f.close()

Mstari wa pili hufungua faili. Wa tatu na wa nne hupita katika orodha na kuandika kila jina. Wa mwisho hufunga. Tuangalie sasa yale yanayoweza kuharibika.

1. Faili halionekani mahali lilipotarajiwa

Mwanafunzi anasema, "Mwalimu, haikuandika kitu." Mara nyingi imeandika, ila katika folda nyingine. Ukitaja jina la faili peke yake, bila kutaja folda, Python huliweka katika folda ambamo programu inafanyia kazi wakati huo, na folda hiyo si lazima iwe ile iliyohifadhi programu. Ili kuijua, ongeza mistari hii miwili:

import os
print(os.getcwd())

Ukitaja folda isiyokuwapo, utapata ujumbe FileNotFoundError. Wanafunzi hushangaa: iweje kompyuta idai kwamba faili halipo, hali tumeiagiza ilitengeneze? Waeleze kwamba agizo la open laweza kutengeneza faili, lakini haliwezi kutengeneza folda. Folda yapasa iwepo kwanza.

Katika kompyuta za Windows kuna mtego mmoja zaidi. Mkwaju unaoelekea nyuma (\) una kazi maalumu ndani ya maandishi ya Python. Ukifuatwa na herufi n humaanisha mstari mpya, na ukifuatwa na t humaanisha nafasi ya kuruka. Kwa hiyo anayeandika "D:\nansio.txt" hajataja Nansio hata kidogo, ameagiza mstari mpya ukifuatwa na neno "ansio". Tumia mkwaju wa kawaida: "D:/nansio.txt". Windows huuelewa.

Mwisho, Windows huwa na desturi ya kuficha kiishio cha jina la faili. Mwanafunzi aliyeandika kwa mkono "mahudhurio.txt" huenda ana faili liitwalo "mahudhurio.txt.txt" bila kujua. Mfundishe kuagiza viishio vyote vionyeshwe.

2. Faili limefunguliwa kwa nia isiyofaa

Herufi moja inayofuata jina la faili ndiyo inayotaja nia ya kulifungua, na hiyo ndiyo yenye hatari kuliko zote. Herufi "r" ni ya kusoma tu. Ukijaribu kuandika utaambiwa faili haliandikiki. Herufi "a" ni ya kuongeza mwishoni. Herufi "w" ni ya kuandika upya, na hufuta yote yaliyokuwamo. Hufuta pale pale faili linapofunguliwa, hata kama programu haitaandika neno lolote baadaye.

Fikiri juu ya mwalimu anayeandika mahudhurio ya Jumatatu, akaitumia tena programu hiyo Jumanne, Jumatano, hadi Ijumaa. Kila siku programu imekwenda vizuri, na kila siku faili lina majina. Ijumaa jioni anataka jumla ya wiki, naye anakuta siku moja tu. Hakuna ujumbe wa kosa uliopata kutokea, maana kompyuta ilitii alilolisema.

Kwa hiyo tufundishe "a" kwa kumbukumbu zinazoongezeka, na "w" kwa yale tunayotaka kuyaandika upya kwa makusudi. Kuna pia herufi "x", ambayo hukataa kufungua iwapo faili lenye jina hilo lipo tayari. Yafaa sana kwa wanaoanza, kwa sababu huwazuia kufuta kazi ya mwenzao.

3. Kinachoandikwa si maandishi, au hakikutenganishwa

Agizo la write hupokea maandishi peke yake. Ukiliambia f.write(45) utapata ujumbe wa TypeError, maana 45 ni namba. Igeuze kwanza: f.write(str(45)). Kosa hili huonekana dogo, lakini ni nafasi nzuri ya kuwafundisha watoto kwamba namba 45 na alama "45" ni vitu viwili. Ya kwanza hujumlishwa. Ya pili husomwa.

Ukitumia programu yetu kama ilivyo, utapata hivi ndani ya faili:

Ng'wanduNyamiziKulwaDoto

Mapacha wameunganishwa na wenzao wote, kwa sababu write huandika kile ulichotaja tu na haiongezi mstari mpya. Yakupasa uutaje wewe: f.write(jina + "\n"). Usiwape wanafunzi jibu hili upesi. Waulize: mwandishi wa mkono hujuaje kwamba amefika mwisho wa jina? Watasema hushuka mstari. Ndipo uwaulize ni nani aliyeiambia kompyuta ishuke.

Jambo la kukumbusha pia ni ritifaa ya majina kama Ng'wandu. Ukilizungushia jina hilo alama moja moja za kunukuu, Python itadhani maandishi yamekwisha baada ya "Ng", nayo itagoma. Tumia alama mbili mbili, kama tulivyofanya katika orodha.

4. Maandishi hayajafika bado

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Agizo la write likitekelezwa, maandishi hayaendi moja kwa moja katika diski. Hukusanywa kwanza katika hifadhi ya muda, yakingoja yawe mengi ya kutosha, kisha hupelekwa kwa pamoja. Utaratibu huu una faida, maana kupeleka mzigo mmoja mkubwa ni haraka kuliko kupeleka midogo mia. Lakini kati ya kuandika na kufika kuna wakati wa hatari. Barua uliyoitia katika sanduku la posta umeituma, ila bado haijafika.

Chukua programu inayomwomba mwalimu aandike jina moja moja kwa kibodi, ikilipeleka kila jina kwa write. Mwalimu ameandika majina 30 na programu bado inangoja la 31. Akilifungua faili kwa dirisha jingine, atalikuta tupu. Umeme ukikatika wakati huo, majina 30 yamepotea, ingawa ameyaandika yote kwa mkono wake.

Dawa ya kwanza ni kufunga faili. Agizo la f.close() hupeleka yote yaliyobaki. Dawa bora ni kutumia with, ambayo hufunga yenyewe hata kosa likitokea katikati:

with open("mahudhurio.txt", "a", encoding="utf-8") as f:
    for jina in majina:
        f.write(jina + "\n")

Katika kazi ndefu, ambapo faili hukaa wazi kwa muda mrefu, ongeza f.flush() baada ya kila jina, kisha os.fsync(f.fileno()). La kwanza huyatoa maandishi katika programu na kuyakabidhi kwa mfumo wa kompyuta. La pili huuagiza mfumo uyatie katika diski. Kwa sababu hiyohiyo, usichomoe flashi kabla ya kuagiza iondolewe kwa usalama.

Hata hivyo, faili lililofika katika diski moja bado liko mahali pamoja. Msiba wa Ukara unatukumbusha kwamba kumbukumbu inayosafiri pamoja na kile inachokihesabu yaweza kupotea pamoja nacho. Daftari la shule likiwa katika kompyuta moja, nakala yake iwe kwingine: katika flashi iliyo ofisini kwa Mwalimu Mkuu, au katika karatasi iliyochapwa. Nakala si mapambo ya kazi. Ni sehemu ya kuandika.

5. Maandishi yamefika, lakini hayasomeki

Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba, na kuna zaidi ya jedwali moja la kugeuza herufi kuwa namba. Aliyeandika akitumia jedwali moja na msomaji akatumia jingine, herufi huharibika. Kiswahili chetu hutumia herufi za kawaida, kwa hiyo mara nyingi hatuoni shida. Shida huanza kwenye ritifaa.

Simu na programu za kuchapia barua hupenda kuibadili ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Kwa macho yetu ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali. Jina lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda, likahifadhiwa kwa jedwali la UTF-8 na kusomwa kwa jedwali la zamani la Windows, huonekana hivi:

Ngâ€™wandu

Dawa ni kutaja jedwali waziwazi wakati wa kuandika na wakati wa kusoma: encoding="utf-8".

Lakini kuna kosa la kimya ambalo UTF-8 haiponyi. Ikiwa mwalimu mmoja ameandika Ng'wandu na mwingine Ng’wandu, majina yote mawili yatasomeka vizuri, na kompyuta itawahesabu watoto wawili. Mmoja ataonekana amehudhuria siku 3, na mwingine siku 2. Katika Mkoa wa Mwanza, ambako majina ya namna hii ni mengi, kosa hilo laweza kumnyima mtoto haki yake. Geuza ritifaa zote ziwe za aina moja kabla ya kuandika:

jina = jina.replace("’", "'")

6. Ruhusa haipo

Ujumbe wa PermissionError maana yake ni kwamba mfumo umekataa. Huenda faili limefunguliwa katika Excel, au limewekwa la kusoma tu, au folda ni ya mfumo wenyewe. Lifunge kwanza huko lilikofunguliwa, au andika katika folda yako. Kosa hili hujitangaza lenyewe. Halihitaji maelezo marefu.

Utaratibu wa kutafuta kosa

Mwanafunzi aliyekwama hupenda kubadilibadili mistari hadi bahati imwangukie. Hata akifanikiwa, hatakuwa amejifunza kitu. Mzoeze kuuliza maswali haya kwa mpangilio, naye asiende swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza kwa ushahidi:

(i) Je, kuna ujumbe wa kosa? Usome wote, hasa mstari wa mwisho.
(ii) Faili liko wapi hasa?
(iii) Limefunguliwa kwa herufi gani?
(iv) Ninachoandika ni maandishi, na nimetaja mstari mpya?
(v) Je, faili limefungwa?
(vi) Nikilisoma upya, napata kile nilichoandika?

Swali la sita liwe desturi hata pasipokuwa na kosa. Mwishoni mwa kila programu inayoandika, wanafunzi waongeze mistari miwili ya kusoma:

with open("mahudhurio.txt", encoding="utf-8") as f:
    print(f.read())

Kazi ya kuandika haijakamilika hadi kilichoandikwa kimesomwa.

Kulifundisha somo hili pasipo kompyuta

Shule nyingi za vijijini na visiwani hazina kompyuta za kutosha, na nyingine hazina kabisa. Jambo hilo lisikuzuie. Zana zinazohitajika ni kadi 10 za karatasi, daftari moja na kalamu. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha.

Chagua watoto watatu. Wa kwanza ni Programu, wa pili ni Tarishi, wa tatu ni Mtunza Faili. Programu huandika jina katika kadi na kumpa Tarishi. Tarishi ameagizwa asiende kwa Mtunza Faili mpaka awe na kadi 5 mkononi, au mpaka Programu aseme "Funga!" Mtunza Faili huandika katika daftari lile tu lililomfikia.

Mzunguko wa kwanza uende bila tatizo. Katika wa pili, kadi zikiwa 3 mkononi mwa Tarishi, piga makofi useme, "Umeme umekatika!" Kadi zote zilizo mkononi zitupwe kikapuni. Kisha uliulize darasa: Programu aliandika majina mangapi? Daftarini yako mangapi? Ni nani mwenye kosa? Watoto watabishana, na ubishi huo una faida. Waache wabishane kwa dakika chache. Wengi watamlaumu Tarishi. Waongoze waone kwamba Tarishi alitii agizo, na kwamba Programu ndiye aliyepaswa kusema "Funga!"

Katika mzunguko wa tatu, mpe Mtunza Faili agizo jipya: kila aambiwapo "w", achane ukurasa wa zamani kabla ya kuandika. Watoto wataona kwa macho yao jinsi mahudhurio ya Jumatatu yanavyopotea siku ya Jumanne. Malizia kwa kumwita mtoto wa nne, Msomaji, asome daftari kwa sauti, na darasa lilinganishe na majina yaliyotajwa.

Mazoezi ya wanachuo

1. Andika programu inayopokea kipimo cha mvua cha kila siku katika milimita na kukiongeza katika faili pamoja na tarehe. Ithibitishe kwa kuitumia siku 3 mfululizo.

2. Iharibu programu yako kwa makusudi kwa kila moja ya njia sita zilizoelezwa. Kwa kila njia, andika iwapo kompyuta ilitoa ujumbe au ilinyamaza.

3. Katika yale makosa sita, yapi ni ya kimya? Eleza kwa nini hayo yanahitaji muda mwingi zaidi darasani.

4. Andaa andalio la somo la mchezo wa Programu, Tarishi na Mtunza Faili kwa darasa la watoto 60, ukionyesha jinsi wale wasiochaguliwa watakavyoshirikishwa.

5. Jadilini kwa vikundi: orodha za majina katika shule mnayofanyia mazoezi ya kufundisha zimehifadhiwa mahali pangapi? Kukitokea moto au mafuriko usiku wa leo, ni ipi itakayobaki?